Kadi Chini ya Chetezo

Lasem, 3 Mei 1899

Koh Boen,

Kadi yangu ya kuzaliwa imeondoka leo asubuhi. Mshenga wetu, Encim Bwee, ameibeba mwenyewe, kaifunga kwenye kitambaa chekundu na kuipakata kama mtoto mchanga. Kabla ya kupanda gari amekula vitumbua saba vya ufuta, nimevihesabu, akasema mshenga mwenye njaa huleta majibu mabaya. Yeye ndiye aliyempatia Dada Hwa mchumba Tuban, kwa hiyo nyumba nzima inamuogopa na kumlisha.

Mama ndiye aliyekaa na mwandishi wa hekaluni. Mimi nilifukuzwa. "Nenda kaangalie chungu cha nta, hapa hapakuhusu." Basi mwaka wangu, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa vikaandikwa huku mimi nakoroga nta jikoni. Sijali. Waandike wanachotaka, mradi kadi ifike kwenu Solo na ikae salama siku zake tatu mbele ya mababu zako.

Kitambaa chetu kimetoka kwenye nyekundu. Jumatatu kinakwenda Pekalongan kutiwa buluu, kisha kinakuja kwenu kwa kahawia. Ukitie kwa mkono wako, usimwachie mfanyakazi. Nitakivaa siku nitakayowamiminia chai wazazi wako. Majani nimeyachora mimi kwa nta, ndege wote ni wa Dada Hwa, maana ndege wangu hutoka kama bata wagonjwa.

Na viatu vyako je? Tangu ulipokanyaga beseni letu la rangi mwaka jana, mbele ya baba yako na mbele yangu nikichungulia dirishani, sijawahi kujua kama vilirudi kuwa vyeupe. Nilicheka mpaka Mama akanifinya.

Pak Karto atakuletea barua hii pamoja na mzigo wa vitambaa, kama kawaida. Mpe kahawa.

Kiok

Shemeji wa viatu vyekundu, hapa ni Hwa, nimemnyang'anya kalamu. Huyu mdogo wangu amechoma vidole vyake vyote kwa kuota mchana. Muoe upesi nyumba ipumue. Mimi mwezi wa kumi nakwenda zangu Tuban. Mama mkwe alikuja kunitazama, akayatazama makovu yangu ya ndui muda mrefu, mwishowe akasema, "Mikono yake mizuri." Basi naitunza mikono. Nina miaka ishirini kwenye kadi, usiniulize zaidi.


Solo, 19 Mei 1899

Kiok,

Viatu bado vyekundu. Nimevisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga. Baba anasema sasa anajua kwa nini nyekundu ya Lasem inauzwa ghali. Ninavivaa nyumbani tu, na kila nikivitazama nakusikia unacheka nyuma ya dirisha.

Kadi yako imewekwa chini ya chetezo tangu juzi. Unajua masharti ya siku tatu: kisivunjike chombo, watu wasigombane, mtu asiugue. Kikivunjika hata kikombe, mababu wamekataa, na kadi inarudi ilikotoka. Kwa hiyo nimekuwa polisi wa nyumba hii. Paka nimemfungia kwenye kapu la mchele. Sahani zote nimezitia kabatini na ufunguo ninao mimi, tunakula kwenye majani ya mgomba kama watu wa karamu. Jana Baba akauliza, "Hivi tumefilisika bila mimi kuambiwa?" Mama akamjibu, "Mwache mwanao, huyo ameshaoa, bado kutangaza tu."

Asubuhi hii shangazi alikuja kutusalimu, akaiweka birika ya chai ukingoni mwa meza huku anasimulia magonjwa yake. Nikaiona inateleza. Niliidaka kwa mikono miwili, Kiok, na chai ilikuwa imetoka motoni sasa hivi. Birika ni nzima. Vidole vyangu usiniulize, ndiyo maana mwandiko huu umepinda.

Zimebaki saa chache. Kesho Baba anapeleka kadi zote mbili kwa mnajimu wa hekaluni, lakini hiyo ni desturi tu. Mababu wakishakubali, mnajimu atasema nini?

Mwambie Dada Hwa shemeji yake anamwombea mikono yake.

Boen


Solo, 24 Mei 1899

Kiok,

Sijui nianzie wapi. Imekataliwa.

Hakuna kilichovunjika, nakuapia. Siku tatu zilipita salama kabisa. Ni mnajimu. Alizitandaza kadi mbili, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Kisha akamwambia Baba, "Mwanao ni wa mwaka wa Mbwa. Binti ni wa mwaka wa Joka. Hawa wanatazamana ana kwa ana tangu mbingu ziumbwe. Ukiwaweka nyumba moja, ndani ya miaka mitatu utazika mmoja wao."

Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Nilimuuliza mnajimu hapo hapo hakuna dawa, hakuna sadaka, hakuna siku nzuri ya kuondoa mkosi? Akanionea huruma, mzee wa watu. Akasema, "Mnyama yeyote ungeniletea ningetafuta njia. Hata ungeniletea Chui Milia, yule wakwe wote wanamkimbia, ningempitisha leo na kukupigia ngoma, maana Chui Milia na Mbwa ni marafiki wa damu, hakuna ndoa imara kuliko hiyo. Lakini Joka! Joka siwezi."

Umeona dhihaka hiyo? Angekubali msichana ambaye kila mama Java hii anamficha, halafu wewe uliyezaliwa mwaka wa heshima kuliko yote, wewe ndiye huwezekani. Nimecheka njiani kote kama mwendawazimu. Baba akadhani ni jua.

Kadi yako inarudi na Encim Bwee. Mimi sirudi nyuma. Niambie tufanye nini, nitafanya.

Boen


Lasem, 5 Juni 1899

Koh Boen,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kuna mahali fulani nimepasoma mpaka karatasi imechakaa.

Naomba kitu kimoja. Nisubiri mpaka mwezi wa kumi, Dada Hwa akishakwenda Tuban na kuwamiminia wakwe zake chai. Usikubali posa nyingine kabla ya hapo. Jifanye mgonjwa, jifanye mjinga, fanya lolote. Baada ya hapo nitakuwa na neno la kukuambia. Kabla ya hapo sina.

Usiniulize kwa nini. Nikikujibu nitakuwa nimefanya jambo ambalo halifutiki.

Mama haongei na mimi tangu kadi irudi. Anakaa barazani anapepea, anapepea, hata upepo ukiwepo.

Kiok


Solo, 11 Julai 1899

Kiok,

Unaniambia mwezi wa kumi, kama mtu anayeagiza kitambaa. Mimi nakuuliza tufanye nini, wewe unanijibu ngoja, na sababu hakuna.

Nimengoja mwezi mzima huu. Jana Baba aliweka kadi nyingine chini ya chetezo. Binti wa Salatiga, mwaka wa Sungura, anapatana na Mbwa kama wali na mchuzi, hivyo ndivyo mnajimu alivyosema. Asubuhi nilichukua bakuli la mababu, lile la buluu lililotoka Uchina na babu, nikalibwaga sakafuni mbele ya wote. Baba hakupandisha hata sauti. Alinitazama akasema, "Bakuli linalovunjwa na mpumbavu halihesabiwi. Fagia." Nikafagia, Kiok. Mtu mzima wa miaka ishirini na mitano nimepiga magoti naokota vigae, na Mama analia.

Sasa nakuuliza kwa uwazi. Encim Bwee amepita hapa, anasema kuna mgane mmoja tajiri Juwana ameulizia habari zako. Ndiyo sababu ya kungoja? Unanishika mkono huu na yeye ule, uone nani atakuwa mzito zaidi? Kama ni hivyo sema, sitakulaani. Nitavaa viatu vyangu vyekundu nitembee navyo sokoni watu wanicheke vizuri.

Zawadi za Salatiga zitaondoka tarehe kumi ya mwezi wa nane. Zikishaondoka nimeoa. Una neno au huna?

Boen


Lasem, 22 Julai 1899

Koh Boen,

Hakuna mgane. Namaanisha yupo, ana meno matatu na wajukuu tisa, na Baba alimcheka mlangoni. Jinsi ulivyoniandikia imeniuma sana. Lakini nimeelewa kwamba nimekuachia giza na wewe ukalijaza kwa vitu vyako.

Basi nisikilize, na baada ya kusoma choma.

Mimi si Joka. Mimi ni Chui Milia.

Nilizaliwa mwaka 1878, siku ya kumi na tisa ya mwezi wa nne kwa kalenda yetu, saa ya Farasi, adhuhuri jua likiwa utosini. Nina miaka ishirini na mmoja. Tangu nilipofika miaka kumi Mama amekuwa akinifundisha, "Ukiulizwa, sema Joka." Aliona jinsi wasichana wa Chui Milia wanavyokaa barazani mpaka wanazeeka, kwa sababu watu wanasema wanawala waume zao. Akanipunguzia miaka miwili. Akanichagulia mnyama wa fahari kuliko wote ili nisikataliwe na mtu. Na katika wanyama kumi na wawili, akachagua yule mmoja asiyeweza kukaa na wewe.

Uliponiandikia maneno ya mnajimu, nilikaa chini sakafuni. Ukweli ulikuwa unatosha, Koh Boen. Tungeusema tu, tungekuwa tumeshaoana. Nilimsomea Mama mstari ule. Ndipo alipoanza kupepea.

Sasa sikia kwa nini nilinyamaza. Dada Hwa naye kadi yake si ya kweli. Ana miaka ishirini na mitatu, Mama alimpunguzia mitatu. Mwandishi ni huyo huyo, mshenga huyo huyo. Siku watu wa Tuban wakisikia kwamba nyumba hii huandika uongo kwenye kadi zinazowekwa mbele ya mababu, watamrudisha. Na wewe hujamwona Dada Hwa. Ndui ilimkamata akiwa na miaka sita. Wamekuja kumtazama watu kumi na mmoja, na kumi na mmoja wamemaliza chai wakaenda zao. Huyu wa Tuban ni wa kumi na mbili. Kila jioni anapaka mafuta mikono yake, ananiambia, "Mali yangu yote ndiyo hii." Ameshajishonea viatu vya harusi.

Kwa hiyo nakupigia magoti. Usimwambie baba yako, usimwambie mnajimu, na kuliko wote usimwambie Encim Bwee, mpaka mwezi wa kumi. Ukilazimika, vunja mabakuli yote ya Solo. Ukilazimika, kimbia, nenda Semarang ukakae kwa rafiki. Wiki kumi tu. Nimekupa ukweli wangu na maisha ya dada yangu kwenye karatasi moja.

Wako, kama utanitaka bado kwa jina la mnyama huyu,

Kiok


Solo, 23 Agosti 1899

Kiok wangu, Chui Milia wangu,

Keti chini, cheka, mwite na Mama yako acheke. Yamekwisha. Baba amekubali!

Najua uliniomba ninyamaze. Nilijaribu, amini. Lakini zawadi za Salatiga zilikuwa zimeshafungwa kwenye vikapu, ziko sebuleni, kila nikipita nazikwepa kama maiti. Tarehe tano nikaingia chumbani kwa Baba nikamwambia yote. Nilidhani atanipiga. Akaanza kucheka mpaka miwani ikamdondoka. Akasema, "Mama yake mjanja! Mwanamke wa namna hiyo hawezi kulea binti mjinga." Vikapu vikafunguliwa siku ile ile, na mnajimu akapiga ngoma kweli, mzee yule, kwenye meza yake kwa viganja.

Usiwe na hofu juu ya Dada Hwa. Nililifikiria hilo. Baba alimtuma Encim Bwee kwenu tarehe sita kuzungumza na wazazi wako, na kabla hajaondoka nilimvuta pembeni nikamwapisha: hili la kadi lisifike Tuban. Akanitazama akasema, "Mimi? Mdomo wangu ni kaburi." Tulimwekea vitumbua sahani nzima, hakugusa hata kimoja, alikuwa na haraka ya safari. Bila shaka ameshafika kwenu zamani, mmeshazungumza, na wewe unaniandikia sasa hivi wakati mimi nakuandikia.

Kadi yako mpya nimeiandika mimi mwenyewe, kwa tarehe na saa ulizonipa, kwa wino mzuri. Baba alingoja siku njema ya kalenda, akaiweka chini ya chetezo tarehe ishirini. Safari hii sikufunga paka. Sikufungia sahani. Nilijua. Na nilijua vizuri: ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili, siku tatu kamili, hakuna kilichovunjika, hata kijiko cha udongo. Leo asubuhi Mama amenikumbatia.

Kitambaa kimefika kutoka Pekalongan. Buluu imekaa vizuri. Kimetandikwa mbele yangu ninapoandika, na ndege wa Dada Hwa wanaonekana kama watanidonoa. Wiki ijayo nakitia kahawia, kwa mkono wangu kama ulivyotaka.

Zawadi ziko njiani. Njoo uvione viatu.

Boen wako


Lasem, 9 Septemba 1899

Koh Boen,

Zawadi zimefika. Mama amezipokea, mimi sijazifungua. Zinarudi na Pak Karto pamoja na barua hii.

Encim Bwee hakuja kwetu tarehe zile. Alipitiliza hadi Tuban. Simlaumu sana kwa hilo, mshenga hana duka wala shamba, ana jina tu, na alitaka awe wa kwanza kuwaambia kwamba alidanganywa, kabla hawajasikia kwa mwingine wakasema alishiriki. Alimeza hofu yake akiwa sebuleni kwenu, na wewe ukadhani ni haraka ya safari.

Tarehe kumi na nane Agosti kadi ya Dada Hwa ilirudi, imefungwa kwenye kitambaa kile kile chekundu. Mama mkwe alituma na neno: "Kama mdogo amepunguziwa miwili, mkubwa amepunguziwa mingapi? Na tulishaivumilia sura." Aliyeleta alilisema hilo kwa sauti barazani, majirani wakiwa wamesimama.

Dada Hwa hakulia. Aliniuliza, "Nani aliwaambia Solo?" Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia kwamba uliniandikia kwa ukali nikaogopa kukupoteza. Akanishika shavu akasema, "Ningekuwa na wangu, labda na mimi ningesema." Akarudi kwenye kigoda chake, akachora mpaka nta ikaisha kwenye sufuria. Siku mbili alikaa hivyo, anakula, anajibu akiulizwa. Jioni ya pili hakupaka mafuta mikono. Niliona, Koh Boen. Niliona na nikadhani amesahau.

Asubuhi alikuwa ndani ya kisima cha nyuma, kile tunachotumia kwa nyekundu. Viatu vya harusi alivivua akavipanga ukingoni, sawasawa, kama mtu anayeingia kwa watu.

Baba amekifukia kisima. Watu wa hapa walikuwa wakisema maji yale ndiyo siri ya nyekundu yetu. Basi nyumba hii haitatoa nyekundu tena. Wanasema pia kwamba Chui Milia amekula kwao kabla hajafika kwa mumewe, na Mama anasema nikubali posa yako hivyo hivyo, walau mmoja aolewe, ili yeye Mama asiwe ameyafanya yote bure. Ananisihi akinishika miguu. Sikubali. Sikuchukii. Nimejaribu nikashindwa, kwa sababu ulifanya nililotamani kulifanya mimi, na ndiyo maana siwezi kukaa na wewe nyumba moja. Kila ukiinua kikombe cha chai ningemwona.

Kitambaa usikitie kahawia. Nirudishie kilivyo. Ndege wale ndio kitu pekee cha mikono yake kilichobaki, na mmoja, ukitazama pembeni kushoto, hakumchora jicho. Alisema atalimalizia kikirudi.

Umeniandikia kwamba kadi yangu ilikaa siku tatu chini ya chetezo, ishirini, ishirini na moja na ishirini na mbili, na hakuna kilichovunjika nyumbani kwenu. Nimezirudia tarehe hizo mara nyingi. Dada Hwa tulimtoa kisimani tarehe ishirini na moja.

Kiok